Hiyo asilimia 18 aliiamua nani?

Juma lililopita nilihudhuria kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti katika ukumbi wa wadi yetu, na hadi leo moyo haujatulia. Bi mmoja anayeuza samaki, aliyemzidi mamangu umri, alinyanyua mkono akauliza kwa nini fedha za kaunti hukatwa hivi na si vile. Afisa akamjibu kwa upole: "Bibi, hiyo ni fomula. Hesabu hazina siasa." Bi akakaa. Kikao kikaendelea na habari ya mabomba ya maji.

Upole ule ndio ulioniuma. Angemfokea, ukumbi mzima ungemtetea. Lakini neno "hesabu" lilipotajwa, sote tuliinamisha vichwa kama watoto waliosahau jedwali la saba, nami nikiwemo, na hilo silisamehi.

Kwa sababu Bi yule anajua fomula. Chombo kikirudi dikoni, kwanza hutolewa gharama za mafuta, barafu na chambo. Kinachobaki hukatwa mafungu: fungu la chombo, la nyavu, la nahodha, la mabaharia. Kila mahali pana kawaida yake, na kawaida yenyewe haiishi kubishaniwa. Mwenye mashine anataka mashine ihesabiwe fungu lake, mabaharia wanasema wao ndio waliokesha baharini. Sijasikia baharia akiambiwa anyamaze kwa kuwa kugawanya ni kazi ya wasomi. Kugawanya ni kazi ya dakika moja. Kuamua fungu la nani liwe kubwa kiasi gani, hapo ndipo watu hushikana mashati.

Fedha za kaunti 47 hukatwa mafungu vivyo hivyo. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 217, imeipa Seneti kazi ya kuamua msingi wa mgao kila miaka mitano. Fomula ya kwanza ilitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 zikagawanywa sawa kwa kila kaunti, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi na 2 kwa nidhamu ya matumizi. Ya tatu, iliyopitishwa 2020, iliweka idadi ya watu asilimia 18, mgao sawa 20, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ardhi 8, barabara 8, miji 5. Sasa nioneshwe hisabati iliyogeuza 45 kuwa 18. Haipo. Hisabati inaanza kazi baada ya mtu kuzitaja namba hizo. Kuzitaja ni uamuzi, na uamuzi una wenyewe.

Nilichukua kalamu nikajaribu jambo moja dogo. Fedha zilizokuwa zikigombaniwa mwaka ule zilikuwa shilingi bilioni 316.5. Tuseme unachukua asilimia 10 tu ya fedha hizo, yaani bilioni 31.65. Ukizigawanya sawa, kila kaunti inapata takriban milioni 673, Lamu sawa na Nairobi. Ukizihamishia kwenye fungu la idadi ya watu, mambo yanageuka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu na 4,397,073 Nairobi, katika nchi ya watu 47,564,296. Lamu inashuka hadi kama milioni 96. Nairobi inapanda hadi karibu bilioni 2.9. Hakuna aliyeiba, na hesabu yote ni sahihi. Ila ukiwa Lamu, ni zahanati ngapi zimekwenda na hizo milioni 577? Na mama mjamzito wa Kiunga aambiwe nini, kwamba asilimia hazina siasa?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wa Nairobi naye ana haki yake. Mtoto wa Mathare hakuchagua kuzaliwa penye watu wengi, na waliosema mtu mmoja, kura moja, shilingi moja hawakusema upuuzi. Wataalamu pia tunawahitaji. Takwimu za sensa hazijipangi zenyewe. Lakini hayo yote ni hoja za kujadiliwa mbele ya watu, tena kwa sauti. Mwaka 2020 Seneti ilikwama wiki nyingi. Maseneta watatu walikamatwa Agosti, siku ambayo mgao huo ulikuwa ujadiliwe. Mkwamo ulifunguka Septemba, baada ya Rais kuahidi bilioni 50 za nyongeza ili kaunti yoyote isipoteze. Hayo yalitokea juu ya namba hizi hizi ambazo Bi alikatazwa kuziuliza, na Kifungu cha 201 kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma.

Mipaka ya maeneo bunge nayo ni hesabu. Bendi za ufadhili wa vyuo vikuu, yaani makundi wanayopangwa wanafunzi kwa hali ya kipato cha familia, zilizoletwa na mfumo wa 2023, ni hesabu pia, na nimeona mzazi akilia mbele ya simu kwa kuwa hakuna aliyeweza kumweleza binti yake amewekwaje katika bendi ile.

Ndiyo maana mjadala wa 2025 ulinisikitisha. Serikali ilisema kwanza kwamba hisabati haitakuwa lazima kwa wote katika sekondari ya juu, wananchi wakapinga, ikarudi na hisabati za aina mbili: moja kwa wanaokwenda njia ya sayansi, nyingine nyepesi kwa waliobaki. Kila niliyemsikia akiitetea hisabati alitaja wahandisi na kompyuta. Raia hakutajwa. Hiyo nyepesi ndiyo watakayosoma MCA wetu wa kesho, yaani wawakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, na wapiga kura wao. Naomba ndani yake mtoto apewe bajeti ya kaunti yake, aambiwe asogeze asilimia 10 aone nani analia.

Jana nilimfuata Bi dikoni na kunde 100 ndani ya kopo. Tuliziweka mafungu juu ya meza yake ya samaki, kwa fomula ya kwanza, kisha ya tatu. Alizitazama kitambo, akauliza: "Na hili la barabara, aliyelitia ana barabara ngapi kwao?" Sikuwa na jibu. Kikao kijacho ni mwezi ujao. Amenitaka nimwandikie swali hilo kwa herufi kubwa, na kopo la kunde tutakwenda nalo.