Nahodha wa kumlipa ni yule anayeshika pondo

Mosquito Lagoon, Florida, ni maji ya chumvi yaliyobanwa kati ya bara na ukanda mwembamba wa mchanga, jirani na kituo cha roketi cha Kennedy. Penye nyasi bahari, mara nyingi maji hayafiki kiunoni. Wageni huja kutoka mbali kuvua samaki aitwaye redfish, na kabla ya kulipa humuuliza nahodha: tutapata wangapi? Mimi ningeuliza kwanza: injini utaizimia wapi?

Nahodha hodari hupanda jukwaa dogo lililo juu ya injini iliyozimwa, akasukuma boti kwa pondo ndefu, kama wafanyavyo watu wa Lamu maji yakikupwa. Polepole, bila kugonga ubavu. Redfish anapokula huinamisha kichwa kutafuta kaa na kamba mchangani, mkia ukachomoza juu ya maji, na kwenye shina la mkia utaona doa jeusi. Chambo kikimwangukia kichwani, amekwenda. Kitupe mbele yake kidogo, usubiri. Hapo ndipo unapojua umelipia nini: macho ya nahodha, subira yake, na kujua upepo umesukumia maji upande gani. Kule hakuna bamvua wala maji mafu ya kutegemea; kujaa na kupwa ni kudogo mno, upepo ndio unaoamua.

Anayepita na injini penye maji mafupi hukata nyasi hadi mizizi. Rafadha huacha mfereji mweupe wa mchanga, na kovu hilo huchukua miaka kuziba.

Na nyasi zenyewe zimebaki chache. Kuanzia 2011 mwani mdogo ulichanua kupita kiasi katika Indian River Lagoon, ambayo Mosquito Lagoon ni ncha yake ya kaskazini. Mwanga haukufika chini, na kufikia 2019 zaidi ya nusu ya nyasi ilikuwa imetoweka. Mwaka 2021 nguva zaidi ya 1,000 walikufa Florida. Upande wa Atlantiki njaa iliua wengi, kwa sababu nyasi hizo ndizo chakula chao. Majira ya baridi yale maofisa walifikia kuwatupia nguva letusi majini. Letusi!

Najua jibu la baadhi ya manahodha: si sisi tuliomwaga uchafu. Ni kweli. Lawama kubwa ni ya majitaka, matangi ya choo ya majumbani na mbolea za bustani. Lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kulima kwa rafadha kidogo kilichosalia.

Ndiyo maana naunga mkono kwa moyo wote amri ya Septemba 2022 kwamba kila redfish anayevuliwa maji yale arudishwe akiwa hai. Wapo wanaodai mgeni hawezi kulipa mamia ya dola arudi mikono mitupu. Mbona wageni wanaendelea kulipa? Mwenye kutaka kitoweo aende sokoni.

Tangu 2006, eneo moja la Mosquito Lagoon, ndani ya hifadhi ya wanyamapori ya Merritt Island, limetengwa kwa pondo na mota ndogo za umeme tu. Mpaka huo usogezwe ufike kila penye nyasi, na nahodha anayeuvuka na injini inanguruma anyang'anywe leseni, hata awe na wateja wa mwaka mzima.