Mmemkataza mlima, mmemwachia ndoo

Kwenye klabu yetu ya Jumamosi ya kutembea na kupanda mlima hapa Mbeya kuna mama tunayemwita Mama Gia. Jina alilipata barabara ya Chunya: mlima ukianza, wengine tunahema na kusimama, yeye anapunguza hatua kidogo tu kisha anakwenda vilevile hadi juu. Anauza mchele soko la Mwanjelwa. Mwaka juzi alikutwa na saratani ya titi. Likaondolewa pamoja na mitoki ya kwapa la kulia, akawekewa dripu za kemo, yaani dawa za saratani, akamalizia na mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Miezi mitano baadaye alitokea alfajiri na raba zake miguuni, akasema anataka kurudi Loleza, mlima ulio juu ya mji wetu.

Wiki iliyofuata shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alimfuata mwenyekiti wetu. Hakuja kugombana. Alisalimia, akakaa, akasema, "Mzee, naomba msimpandishe tena mlima. Tumemtoa mbali." Tangu siku hiyo klabu imegawanyika, na kila tukikaa kunywa supu baada ya mazoezi mjadala ni huohuo.

Shemeji hana shida ya kueleweka. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na mionzi haiishi siku moja. Mtu anakwenda siku baada ya siku kwa wiki kadhaa, huku analala kwa ndugu au chumba cha kupanga. Ukoo ulikaa vikao vitatu. Kuna aliyeuza ng'ombe, kuna aliyetoa ada ya mtoto akitumaini mwalimu mkuu atamvumilia. Mwili uliochangiwa namna hiyo haubaki wa mtu mmoja. Aliposema "tumemtoa mbali" alisema kama mmoja wa wenye hisa, na sioni pa kumcheka.

Hata kitabibu hakosei. Ile dripu nyekundu, doxorubicin, inaweza kuudhoofisha moyo, na pengine madhara yasionekane mpaka miaka ipite. Paclitaxel huacha ganzi kwenye nyayo, na mtu asiyelisikia jiwe chini ya raba yake yuko hatarini zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda. Baadhi ya vidonge vya homoni vinavyomezwa kwa miaka baada ya matibabu hupunguza uimara wa mifupa. Kisha kuna jambo ambalo kwenye supu sijalisikia likitajwa: vipimo vyake vya mwisho alifanyiwa Dar, usawa wa bahari. Sisi hapa mjini tuko kama mita 1,700, na Loleza inakaribia 2,650. Kule juu kila pumzi inakupa oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na ufukweni. Mwenye damu iliyoshuka ataliona hilo mapema kuliko sisi.

Kwa hiyo mwanzoni nilikuwa upande wa shemeji. Kilichonihamisha ni ndoo.

Jioni moja nilipita kwake, maji yamekatika mtaa mzima. Nilimkuta anapandisha kutoka bomba la mbali na ndoo ya lita 20 kichwani. Lita 20 ni kilo 20, na haipandi kichwani yenyewe. Mikono miwili inainyanyua, na mmoja wapo ni ule wa upande uliotolewa mitoki, mkono ambao unaweza kuvimba. Shemeji alikuwapo barazani, akanikaribisha kwa heshima zote na kuniulizia watoto. Hakuna aliyeshtuka, na mimi nilishtuka nikiwa nimeshafika kwangu. Baadaye nikaanza kuhesabu. Palizi ya mahindi mwezi wa kwanza alikuwamo. Sokoni anasogeza mchele kwa debe. Jumapili anafua nguo za nyumba nzima kwa mkono. Mlimani anabeba chupa ya maji ya lita moja na nusu na maandazi mawili.

Hapo ndipo neno "pumzika" liliponiishia utamu. Tunapomwambia mwanamke aliyetoka kwenye matibabu apumzike, tunamwondolea kile alichokuwa akikifanya kwa kupenda. Kile tunachokihitaji sisi kinabaki, kwa sababu hatukiiti kazi. (Mwanamume wa rika lake, nimewaona wawili, husindikizwa hadi mlango wa choo.) Kama hatari ni mzigo kwenye ule mkono, ndoo ndiyo ya kwanza kukatazwa. Kama hatari ni moyo, kulima saa nne juani hakuna tofauti kubwa na kupanda Loleza, isipokuwa shambani hakuna anayetembea nyuma yako kuangalia unavyohema.

Hofu ya mkono kuvimba ilitawala ushauri kwa miaka mingi: aliyetolewa mitoki asibebe kitu. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani kwa wanawake 141 waliotibiwa saratani ya titi na ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, likianza na uzito mdogo na kuongeza taratibu. Mikono yao haikuvimba kuwazidi wenzao, na walioona hali ikiwa mbaya ghafla walikuwa asilimia 14 dhidi ya 29 kwa wasionyanyua. Neno la kushika ni taratibu. Ndoo haina taratibu. Maji yakikatika ni lita 20 leo na lita 20 kesho.

Lakini takwimu inayoninyima usingizi ni nyingine. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa watu 889 waliotibiwa saratani ya utumbo mpana, wengi wao Kanada na Australia. Kemo ilipokwisha, nusu walipewa vijitabu vya afya bora. Nusu nyingine walipangiwa mazoezi kwa miaka mitatu, na kwa wengi yalikuwa ni kutembea haraka tu. Baada ya miaka minane, waliokuwa hai katika kundi la mazoezi ni asilimia 90.3, kundi la vijitabu ni 83.2. Katika kila watu mia, saba. Kuna dawa za bei ya kiwanja zinazoshangiliwa kwa chini ya hapo.

Nimeigeuza takwimu hiyo kila upande, kwa kuwa naitaka mno iwe upande wangu, na kitu unachokitaka ndicho cha kukikagua. Ni utumbo, wala si titi. Siwezi kumwahidi Mama Gia zile saba. Waliochaguliwa walikuwa na nguvu za kujihudumia. Maumivu ya misuli na viungo waliyapata zaidi wafanya mazoezi, asilimia 18.5 kwa 11.5, na hiyo ni hoja ya shemeji, namkabidhi. Hata hivyo, kila ninaporudia naona jambo moja ambalo vijitabu havikuwa nalo. Kundi lililoishi zaidi lilikuwa na mtu. Mwanzoni kila baada ya wiki mbili mtaalamu alikutana nao, akauliza umetembea kiasi gani, goti linasemaje, akasahihisha. Waliambiwa wote kwamba mazoezi ni mazuri; tofauti ni nani alifuatiliwa.

Wataalamu wa viungo huku kwetu hawatoshi hata kwa waliovunjika miguu kwa bodaboda. Nani atamfuatilia Mama Gia kwa miaka mitatu? Jibu lililo karibu zaidi na lile la Kanada ni watu kumi na wanne wanaokutana saa kumi na mbili asubuhi, wanaojua jina lake la mlimani na wanaojua mwendo wake ukiwa mzima na ukiwa na hitilafu. Anayemtoa kwenye klabu ili kumlinda anamwondolea walinzi.

Na lipo la jina pia. Sokoni siku hizi wanamwita "mgonjwa wetu", kwa upendo kabisa. Kwetu ni Mama Gia.

Mwenyekiti ameamua nusu kwa nusu. Barabara ya chini aje, kwa fimbo, na mtu mmoja pembeni yake; akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, wanageuka. Loleza asiende mpaka wingi wa damu upimwe na moyo upimwe, hapahapa Mbeya. Jumamosi iliyopita alikuja. Aligeuka mwenyewe kabla ya kuambiwa, jambo ambalo enzi zake asingelifanya hata kwa mvua ya mawe.

Kipimo cha damu ameshalipa mwenyewe. Cha moyo hakumudu, limepelekwa kwenye ukoo, na mweka hazina wa michango ni huyohuyo shemeji. Amesema ataliweka mezani kikao kijacho. Hakusema anaomba majibu yaweje.