Mtungi wa chuma au wa alumini kwa mzamiaji wa pwani yetu?

Wazamiaji wengi huamini kwamba mtungi wa hewa wa alumini ni mwepesi kuliko wa chuma. Kwenye mizani hoja hiyo haisimami. Mtungi wa alumini wa lita 11.1, huu uliozoeleka kwenye boti za Nungwi, Mafia na Watamu, una kilo 14 hivi bila hewa. Wa chuma wa lita 12 nao uko hapohapo. Alumini ni laini kuliko chuma, hivyo ukuta wake hufanywa mnene, na wepesi wote unaishia humo.

Tofauti huonekana majini, tena mwishoni. Mtungi wa alumini ukijaa huzama. Hewa yake ina uzito wa zaidi ya kilo 2, na ikiisha mtungi huelea, ukimvuta mtu juu kwa kilo moja na nusu hadi mbili. Mtazame mzamiaji anayesubiri zile dakika 3 za tahadhari kwenye mita 5 kabla ya kuibuka, geji ya shinikizo la hewa ikisoma baa 50, yaani hewa inakaribia kwisha: kitako cha mtungi kinainuka, kiwiliwili kinainama mbele, mkono unatafuta kamba ya nanga. Dawa yake ni kufunga risasi (vipande vya madini mazito ya kuzamishia) za ziada kiunoni tangu mwanzo, kama kilo 2. Wa chuma ukiisha hauzami sana wala hauelei sana, kwa hiyo kilo hizo unaziacha nchi kavu. Jambiani maji yakipwa, boti unaifuata mbali kwa miguu. Kilo 2 si haba.

Ulaya hapo chuma kimeshinda, maana maji baridi yanadai suti nene, na suti nene huelea sana. Kwetu maji ni vuguvugu na wengi huvaa suti ya milimita 3. Mtu mwembamba akibeba mtungi wa chuma uliojaa, unaovuta chini kwa kilo 3 na zaidi, anaweza kukuta hahitaji risasi hata moja. Raha, hadi siku jaketi la kuelea litakapopasuka kwenye kina. Hana mkanda wa risasi wa kuachia ili apande. Uzito wake wote uko kwenye mtungi uleule anaovutia pumzi. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya chuma katika bahari yetu, na haitajwi vya kutosha.

Kisha kuna kutu. Maji ya chumvi huingia wakati wa kujaza. Mjazaji asipofungua vali kidogo kupuliza matone yaliyobaki kwenye tundu kabla ya kuunga mpira wa kompresa, matone hayo husukumwa ndani pamoja na hewa. Alumini hujifunika utando wa oksaidi unaopunguza kasi ya kulika (ingawa chumvi huichimba pia, hasa shingoni inapokutana na vali ya shaba). Chuma huendelea kulika, na kutu hula oksijeni. Mtungi wenye maji ndani ukikaa miezi mingi umejaa, unaweza kumpa mtu hewa yenye oksijeni pungufu, na hakuna harufu ya kumwonya.

Ndiyo maana kituo cha kukodisha, ambako mtungi hupita mikono mingi, nakiunga mkono kibaki na alumini. Mwenye mtungi wake mwenyewe, anayejua unajazwa wapi na kuupeleka ukaguliwe ndani kila mwaka, achukue chuma, mradi tu akipima uzito wake abaki na risasi za kuachia.

Anayenunua alumini iliyotumika asome kwanza maandishi yaliyogongwa begani mwa mtungi. Mitungi ya zamani ya aloi 6351 (aina ya mchanganyiko wa alumini na metali nyingine) ilipatikana na nyufa shingoni, na kampuni ya Luxfer iliacha kuitumia aloi hiyo Marekani mwaka 1988, ikahamia 6061. Tarehe ikiwa ya kabla ya hapo, hata bei iwe ndogo namna gani, mwachie muuzaji mtungi wake.