Msiniulize Naondoka Lini

Jumamosi iliyopita niliamshwa na mlio wa tepu ya kupimia ikijirudisha kwenye kasha lake. Nilipofumbua macho, mdogo wangu alikuwa amepiga magoti pembeni mwa kitanda changu, penseli sikioni kama fundi seremala, anapima ukuta. Hata hakushtuka. Akaniambia niendelee kulala, yeye anataka tu kujua kama meza yake itaenea pale nikishaondoka. Zimebaki wiki tatu, mimi bado napumua humo chumbani, na mrithi keshaanza kugawa mirathi.

Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikabaki natazama dari. Maana huyo mtoto angalau hafichi. Watu wazima wanaonizunguka tangu nimalize chuo hawana tepu mkononi, ila nao wanapima. "Unaondoka lini?" Shangazi akipiga simu, kabla sijamaliza kumwamkia swali limeshafika. Jirani akiniona nimesimama getini, hilo hilo. Wenzangu niliomaliza nao wameligeuza kundi letu la simu kuwa kituo cha mabasi: fulani kashaondoka, fulani anaondoka mwisho wa mwezi, fulani bado yuko kwa wazazi. Hiyo "bado" ndiyo inayonichoma. Inatamkwa kwa sauti ile ile ya kumtajia mtu ugonjwa.

Na mzizi wa yote haya naujua. Siku ya mahafali mzungumzaji alisimama akatuambia, "Sasa ndiyo maisha yanaanza." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami nikapiga, na viganja vinanisuta mpaka leo. Sasa ile miaka 23 niliyokwisha kuishi ilikuwa nini, mazoezi? Yule aliyelia usiku wa kuamkia mtihani wa takwimu alikuwa nani, mwigizaji wa akiba?

Mimi naondoka. Kazi nimepata, mji mwingine, chumba tutashirikiana na rafiki yangu mmoja. Sing'ang'anii kiti cha nyumbani. Ninachokataa ni hili wazo kwamba miezi kati ya cheti na safari ni chumba cha kungojea daktari, kwamba unatakiwa ukae umekunja mikono, ukitazama mlango, ukiona haya kidogo. Kwangu imekuwa miezi mizito kuliko mwaka wowote wa chuo.

Niwasimulie ya maji. Wiki moja baada ya mahafali, joho likiwa bado linaning'inia nyuma ya mlango, mpira wa maji chini ya sinki la jikoni ulichomoka. Nilikuwa peke yangu. Nikaweka ndoo, ikajaa. Nikaweka taulo, likalowa. Mwishowe nikaziba kwa kidole gumba, na kwa mkono wa pili nikawa natafuta kwenye simu namna ya kuzuia maji, huku maji yenyewe yakiingia kwenye mkono wa shati. Baba akarudi akanikuta hivyo, nimejikunja chini ya sinki kama paka mgonjwa.

"Umefunga koki kubwa?"

"Koki gani?"

Hakujibu. Akatoka nje, akazunguka upande wa nyuma ya nyumba, akainama. Kimya. Maji yakakata kana kwamba hayajawahi kuwepo. Nimekulia kwenye nyumba ile na sikujua maji yanaingilia wapi. Naweza kukuandikia kurasa 40 zenye utangulizi, mapitio na hitimisho. Koki sikuijua. Na baba hakunicheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi; angenicheka ningepata pa kushikia.

Kesho yake akanitembeza nyumba nzima kama mgeni rasmi. Hii koki. Hii swichi kuu ya umeme. Ikijizima ukaiwasha na ikajizima tena, usiilazimishe, chomoa vitu vyote kwanza utafute kinachoiangusha. Huu utepe mweupe wa bomba, unauzungusha kufuata upande wa kukazia, ukiuzungusha kinyume unajikunjua wakati wa kukaza na maji yanavuja palepale. Alinifanya nifunge na kufungua mara tatu. Alikuwa na furaha ambayo siku ya mahafali sikuiona usoni pake. Siku ile alivumilia viatu vya kubana na hotuba ndefu. Siku ya koki alikuwa mwalimu, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wake nikiwa na akili ya kusikiliza.

Hapo ndipo niliposhtuka kwamba sijawahi kuishi na watu hawa nikiwa mtu mzima. Utotoni nilikuwa mtoto, na mtoto hajui kwamba wazazi ni watu. Wakati wa chuo nilikuwa mgeni wa likizo, naingia na begi la nguo chafu, natoka na begi la nguo safi. Kumbe muda wenyewe ni huu. Nikishahama nitarudi kwa siku mbili tatu, tutasalimiana vizuri, kila mmoja atajitahidi, na hakuna atakayegombana na mwenzake juu ya taa iliyoachwa ikiwaka. Kugombana juu ya taa kunahitaji watu wanaokaa pamoja.

Mama ndiye mtu pekee ambaye hajaniuliza naondoka lini. Hata mara moja. Anachofanya ni kukunja nguo zangu zilizokwisha kukunjwa. Ananiita sebuleni nije nione kitu, nikifika hakuna kitu. Chini ya kitanda chake nimeona sufuria mbili na vifuniko visivyo vyake; nilipouliza akasema ni vya zamani. Lebo bado zimebandikwa.

Mwaka wa tatu tulisoma kipimo cha msongo wa mawazo cha Holmes na Rahe, madaktari wawili wa akili wa Marekani waliokitoa mwaka 1967. Matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake, kuanzia kufiwa na mume au mke, 100, kushuka chini, ndoa ikiwa katikati kama jiwe la mizani kwa alama 50. Wakati ule niliyakariri kwa ajili ya mtihani na kuyasahau mlangoni. Juzi nikayatafuta tena. Kuanza au kumaliza masomo, 26. Kubadilika kwa mazingira ya kuishi, 25. Kuhama makazi, 20. Nikajumlisha zangu kwa kujihurumia: 71. Talaka ni 73. Nikatamani kumtumia shangazi hesabu hiyo kama jibu la swali lake.

Ndipo nikauona mstari ambao wakati wa kukariri niliupita kama sijui kusoma: mtoto kuondoka nyumbani, alama 29. Mstari huo si wangu, ni wa mama. Mimi ninayehama nina 20 za kuhama. Yeye atakayebaki palepale, kwenye nyumba ileile, na sauti moja pungufu, ana 29. Najua, kipimo ni cha kale, na orodha inayoipa Krismasi alama 12 si msahafu. Lakini hotuba, zawadi na pole zote zinakuja kwangu. Mama hakuna anayemuuliza anaendeleaje.

Basi nikamuuliza. Sikumuuliza kwa maneno makubwa, nilimuuliza tu yeye alipoondoka kwao mara ya kwanza ilikuwaje. Akakaa. Akaniambia alihamia chumba cha watu watatu, akavumilia miezi minne, akarudi nyumbani kimyakimya, akakaa mwezi mzima bila kumwambia rafiki hata mmoja, kisha akaondoka tena. Jambo hilo sikuwahi kulisikia. Miaka yote hiyo nilidhani mama aliondoka kwao mara moja, kwa hatua ndefu, bila kugeuka nyuma. "Mara ya pili ndiyo niliyoondoka kweli," akasema, akainuka kwenda kukunja nguo zangu.

Mzungumzaji wa mahafali hawezi kukupa hilo. Na kama ningeondoka wiki ile ile niliyovua joho, kama kundi langu la simu linavyoona ndiyo ushujaa, ningeondoka na cheti na kidole gumba cha kuzibia mabomba.

Haya, nikubali yanayokubalika. Kuna nyumba za kukimbiwa, na aliye ndani ya nyumba ya namna hiyo asisubiri somo la koki. Aondoke hata leo. Kuna pia anayekaa kwao si kwa kuchagua bali kwa kukosa kazi, na huyo nikimwambia afurahie kipindi hiki atakuwa na haki ya kunirushia kiatu. Na ndiyo, ukikaa mno nyumbani inakuzoea vibaya, unaanza kulala kama mtoto na kununa kama mtoto. Tayari nimeanza kununa. Sina la kujitetea.

Kufungasha nako kumenitoa jasho. Nina maboksi matatu ya madaftari ya mwaka wa pili ambayo sijayafungua tangu mwaka wa pili, na nikijaribu kuyatupa mkono unakuwa mzito. Mwaka 1990 watafiti wa uchumi na saikolojia, Kahneman, Knetsch na Thaler, walichapisha jaribio ambalo ndani yake baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe, wengine hawakupewa, kisha wote wakaambiwa wafanye biashara. Waliopewa walitaka bei kama maradufu ya ile ambayo wasio navyo walikuwa tayari kutoa, na wenyewe walikuwa wamevimiliki kwa dakika chache tu. Mimi madaftari yangu nina nayo miaka. Mdogo wangu, ambaye si mchumi, alitazama maboksi akauliza, "Ungeyanunua?" Nikamfukuza chumbani. Chake kitakuwa chumba baada ya wiki tatu, si leo.

Mengine ni ya haraka. Mkataba wa chumba nimeusoma mpaka mwisho, ikiwemo ile sehemu ya herufi ndogo inayoeleza amana inarudishwa lini na inakatwa kwa lipi. Siku ya kuingia nitapiga picha kila ukuta na kila kioo kabla sijatua begi, ili nyufa za mpangaji aliyepita zisije zikawa zangu. Cheti kiko kwenye bahasha ngumu, nakala ziko sehemu nyingine. Bisibisi na koleo amenipa baba, akanihesabia mbele ya macho yangu kana kwamba ataviulizia.

Kuhusu tarehe, shangazi, nitakupigia mimi mwenyewe.

Jana usiku nilichukua kifutio nikaifuta ile alama ya penseli ambayo mdogo wangu aliichora ukutani, mahali pa kona ya meza yake. Niliifuta vizuri, nikapuliza na vumbi. Leo asubuhi nimeikuta imerudi, imesogezwa sentimita mbili kuelekea kitandani kwangu.