Flamingo hawakuambii majira

Kila flamingo wanaporudi Ziwa Nakuru, picha hujaa mitandaoni na hakosekani mtu wa kuandika kwamba msimu wao umefika. Msimu gani? Flamingo mdogo hula spirulina, mwani wa kijani-buluu unaostawi kwenye maji ya magadi, naye huenda popote chakula hicho kilipo. Maji ya Nakuru yalipopanda miaka ya 2010, barabara za hifadhi zilizama pamoja na lango, magadi yakazimuliwa, spirulina ikapungua, ndege wakahamia Bogoria na kwingineko. Husafiri usiku, huzaliana hasa Natron huko Tanzania, na kurudi kwao hakufuati masika wala vuli. Kuwatazama ni raha, sikatai. Ila anayewategemea kujua majira atapotea.

Majira ya huku hujifunzwa kwa viumbe vya kawaida vinavyotazamwa mahali palepale: mti mmoja wa omurembe (mti wa maua mekundu), kichuguu kimoja, kipande kimoja cha matete. Na siku ambazo hukuona kitu ziandikwe pia. Hapo ndipo madaftari mengi yanapoharibika. Ukiandika "kumbikumbi, 28 Machi" na wiki tatu za nyuma ni tupu, nani atajua kama walianza kutoka siku hiyo au wewe ndiye uliyeanza kutazama? Sifuri ni taarifa. Hata eBird, tovuti ya kuandikisha ndege walioonekana, ukituma orodha, hukuuliza kama umeandika ndege wote uliowatambua, na sababu ni hiyo hiyo.

Kalenda peke yake haitoshi. Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Nakuru karibu nusu yake, na kote kuwili Agosti inaweza kunyesha vizuri wakati vitabu vya shule vinasema ni kiangazi. Kwa hiyo pima mwenyewe. Chukua chupa ya soda ya lita mbili, ikate panapoanza bega, kisha pindua kipande cha juu ukiingize kama faneli. Kitako kina mabonde, hivyo tia kokoto na maji mpaka pale kuta zinaponyooka, uchore alama ya sifuri hapo na kubandika rula juu yake. Iweke mbali na mti au nyumba, angalau mara mbili ya urefu wake. Soma kila siku saa tatu asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Jua la Kisumu hukausha maji ya chini, na usipoyajaza, mvua inayofuata itasomeka pungufu.

Kumbikumbi ndio wanaofuata mvua kwa karibu zaidi. Manyunyu ya kwanza hayawatoi, ni mpaka ardhi ilowe. Kabla hawajaruka, mchwa wafanyakazi hutoboa nyufa ubavuni mwa kichuguu, askari wakasimama ukingoni vichwa nje, na wenye mabawa wakaanza kusukumana nyuma yao. Wakishatua, mabawa hukatika upesi, jike hutembea mbele na dume humfuata akiwa karibu kumgusa, hadi wapate pa kuchimba. Andika saa, maana aina moja hutoka jioni, nyingine usiku, nyingine mchana kweupe, na ukizichanganya utadhani msimu ni mrefu kuliko ulivyo. Tena usihesabu kichuguu kilichofunikwa blanketi na kupigiwa vijiti. Hao wamedanganywa kwamba mvua inanyesha. Mlo wao mtamu, lakini tarehe yao haina maana.

Omurembe hauna shida nyingi. Simama palepale kila wiki, gawanya matawi yote kwa jicho katika sehemu nne, kisha andika tarakimu tatu kutoka 0 hadi 4: majani, maua, maganda. Mara nyingi maua mekundu huja matawi yakiwa uchi, na ndege aina ya chozi hawakosi. Kama mwenye shamba amekata matawi kwa ajili ya ua, andika hivyo, kwa sababu mti uliokatwa huchipua kwa ratiba yake.

Mbayuwayu huwachanganya wengi. Wa Ulaya hufika kuanzia Septemba na wengi huwa wameondoka kufikia mwisho wa Aprili. Lakini Kisumu ina mwenyeji anayefanana naye sana, mbayuwayu wa Angola, anayekaa mwaka mzima na kujenga kwa tope chini ya paa na madaraja. Tazama kifua. Wekundu wa mgeni huishia kooni, ukafungwa na mkanda mzima wa rangi ya giza, na tumbo ni jeupe au krimu. Wa mwenyeji hushuka hadi kifuani, mkanda ni mwembamba na umekatika, tumbo ni kijivu. Mkia usiuamini, kwani nyuzi zake ndefu hunyonyoka manyoya yanapobadilika. Anayeruka juu ya ufuo wa Dunga, Kisumu, mwezi Juni karibu kila mara ni mwenyeji.

Kweche, ndege mdogo wa matete ambaye dume wake huwa mwekundu wakati wa kuzaliana, naye huhitaji uvumilivu. Wakati wa ukame dume ni kahawia mwenye michirizi kama jike, na hakuna haja ya kujifanya unawatofautisha kwa mbali. Tumia dakika kumi kutoka sehemu moja, uhesabu makundi matatu: kahawia, wenye mabaka mekundu, na waliokamilika. Wenye mabaka ndio wa kuwinda kwa darubini, kwa kuwa wanaonyesha kwamba badiliko limeanza kabla dume wa kwanza hajatuna manyoya juu ya tete. Tahadhari moja: karibu na mashamba ya mpunga ya Ahero, maji ya mfereji huyapa matete majira yasiyolingana na mvua yako. Ukitazama huko, ongeza safu nyingine daftarini kwa siku mfereji ulipofunguliwa na siku ulipofungwa.