Gigant: bodi la lori, injini za kuazima

Ukiitaja Me 323 Gigant, ile ndege kubwa ya mizigo ya Wajerumani, mbele ya watu wanaopenda ndege za vita ya pili ya dunia utapata majibu mawili tu. Wa kwanza atakwambia lile lilikuwa jeneza lenye mabawa, wa pili atakwambia we acha, ile ndo babu wa ndege zote kubwa za mizigo unazoziona leo. Mi naona wote wana pointi ila hawaangalii kitu kimoja, huyu anaangalia injini, yule anaangalia bodi.

Tuanzie ilikotoka maana kesi nzima iko hapo. Mwishoni mwa 1940 Wajerumani bado walikuwa na lile wazo la kuivamia Uingereza, na kuvusha vifaru na mizinga ile bahari ilikuwa inawaumiza kichwa. Wakaagiza glaida, yaani ndege isiyo na injini inayovutwa na ndege nyingine, ila iwe kubwa kiasi cha kumeza kifaru. Kampuni ya Junkers wakatengeneza ya kwao ya mbao, Ju 322, ikafeli. Kampuni ya Messerschmitt wakaja na Me 321 na Februari 1941 ikawa tayari inaruka, miezi michache tu tangu iagizwe. Mabawa yake mita 55, wakati hizi Boeing 737 tunazopanda leo hazifiki hata 36. Lakini ona ilivyofikiriwa: ikishapaa inaacha magurudumu chini, ikifika inatua kwa kuteleza kwenye skii, yaani vibao vya kutelezea chini ya tumbo, inashusha mzigo, kazi imeisha. Ni ndege ya kwenda, kurudi tutajua hukohuko.

Halafu ikaja shida ya nani ataivuta. Walijaribu ndege za kivita tatu aina ya Messerschmitt 110 kwa mpigo, kila moja na kamba yake, ajali zikawa za kutisha. Ndo wakachukua ndege mbili za kudondosha mabomu, Heinkel 111, wakaziunganisha kwa bawa na kuongeza injini ya tano pale katikati. Siyo utani, ilitengenezwa kweli na iliruka. Sasa ukishafika hapo si bora uiwekee glaida yenyewe injini? Wakaiwekea sita, na Me 323 ikazaliwa hivyo, 1942.

Kambi ya jeneza inapata silaha zake hapa. Zile injini ni Gnome-Rhône za Ufaransa, nchi ambayo walikuwa wameshaikalia, na zilichaguliwa kwa sababu injini za Kijerumani zilikuwa na foleni, ndege za kivita zinazitaka zote. Kila moja kama nguvu za farasi 1,140, zizidishe kwa sita halafu mpe mzigo wa ndege ya tani 43 hivi ikijaa. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, sawa, lakini huyu Mnyamwezi alikuwa hajala. Spidi ya safari ilikuwa kilomita 220 hivi kwa saa, na uwezo wa kubeba ukashuka kutoka tani 20 na kitu za glaida mpaka kama 10 au 12, maana injini, matenki na magurudumu nayo ni mzigo. Kile kifaru kilichofanya ndege iwe kubwa vile hakibebeki tena! Ukubwa umebaki, sababu ya ukubwa imeondoka.

Ila nenda kwenye bodi uone. Pua inafunguka milango miwili kama kabati, sakafu iko chini karibu na ardhi, lori linapanda kwa mbao za kupandishia na kuingia lenyewe, hakuna cha winchi wala kubebana mabegani. Magurudumu kumi, matano kila upande, yanakanyaga kiwanja kibovu bila kuzama. Mifupa ni mabomba ya chuma, juu yake plaiwudi na kitambaa, kwa hiyo risasi nyingi zilikuwa zinapita tu upande wa pili na fundi anaweka kiraka. Mafundi mitambo wawili walikaa ndani ya mabawa kabisa, katikati ya injini, kila mmoja anaangalia injini zake tatu kama utingo anayesikiliza lori mlimani. Ilibeba watu 130, au majeruhi 60 kwenye machela, au mapipa 52 ya mafuta. Ju 52, ile ya injini tatu waliyoizoea, ilikuwa inabeba askari 18 hivi.

Mapipa hayo ndo yaliyoiponza. Aprili 22, 1943 kundi la Gigant lilikuwa linavuka kutoka Sisilia kwenda Tunisia, mchana kweupe, limejaa mafuta, likakutana na Spitfire na Kittyhawk, ndege za kivita za adui, zikiwemo za Waafrika Kusini. Nyingi zikaishia baharini. Risasi kupita kwenye kitambaa ni sawa, risasi kupita kwenye pipa la petroli ni habari nyingine, na ikianguka moja umepoteza mzigo wa Ju 52 nne au tano kwa mkupuo. Walikuwa wameongeza bunduki humo ndani, lakini kila bunduki na mpigaji wake inakula uzito wa shehena.

Lakini watu wanasahau kwamba siku nne tu kabla, Aprili 18, Ju 52 kibao zilichinjwa maeneo hayohayo karibu na Cap Bon, rasi ya Tunisia. Hizo zilikuwa ndogo, za zamani, zimejaribiwa miaka na miaka, na zilikufa vilevile. Kwa hiyo kumtupia mchoraji wa Gigant lawama zote siyo haki. Anga lilishakuwa la adui, na ndege yoyote ya mizigo ukiipeleka pale mchana bila ulinzi wa kutosha umeitoa sadaka.

Mi nasimama hivi: bodi lilikuwa sahihi, likaja kabla ya injini yake. C-130, ndege ya mizigo ya Wamarekani iliyoruka 1954, ina injini nne tu lakini kila moja ni zaidi ya mara tatu ya Gnome-Rhône moja, na pua ya kufunguka ukaja kuiona kwenye ndege kubwa kama Antonov 124. Sisemi waliiga, labda ukitaka kuingiza lori kwenye ndege njia ni hizohizo chache.

Na wanaosema wangetengeneza kitu bora zaidi, walikuwa nacho. Arado 232, ndege nyingine ya mizigo ya Wajerumani, ilikuwa na mlango wa nyuma na magurudumu madogo mengi chini ya tumbo, nzuri kuliko Gigant karibu kila kitu isipokuwa ukubwa. Ilianza na injini za BMW 801, bahati mbaya ndo hizohizo za ndege ya kivita ya Focke-Wulf 190, wakanyang'anywa wakahamia injini nne dhaifu zaidi. Zikatoka kama 20 tu. Gigant, na injini zake za Kifaransa ambazo hakuna rubani wa ndege za kivita aliyezililia, zikatoka karibu 200.