Msimu wa Kusi, Eti Hakuna Watu

Karatasi imebandikwa kwa ndani ya kioo cha mlango, mvua isiifikie. Kila mwezi mwenye duka la vitabu la hapa Watamu, Pwani ya Kenya, lile la karibu na ufuo, huandika vitabu anavyotupendekezea, na chini yake habari za mji. Mimi huisoma kila nikipita. Mwezi huu vitabu ni sita. Kumbukumbu za mzungu aliyelelewa shambani Laikipia. Simba yatima. Upelelezi wa nchi ya theluji. Mapenzi ya Paris. Kitabu cha kumfundisha mtu kuamka saa kumi na moja alfajiri (hapa kazi hiyo mwadhini anaifanya bure). Na cha sita ni mapishi ya Pwani, picha zake zinang'aa, wali wa nazi wenyewe umetiwa krimu ya kopo.

Habari za mji nazo: kuna yoga mapambazuko, kasa watarudishwa baharini Jumamosi, paka wa rangi ya chungwa amepotea na atakayempata atapewa zawadi inayouzidi mshahara wa askari wa getini. Halafu mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo: duka litafungwa Mei na Juni kwa kuwa hakuna watu.

Hakuna watu! Wavuvi wote waliopandisha vyombo ufukweni kwa sababu kusi limechafua bahari, hao si watu. Wapishi, watandika vitanda na wahudumu waliorudishwa nyumbani hoteli zilipofunga, si watu. Walimu, mafundi cherehani, vijana wanaowatembeza wageni magofu ya Gede na sasa wanashinda kwenye vibanda wakicheza drafti, si watu. Mji mzima uko nyumbani, una nafasi kuliko mwezi mwingine wowote wa mwaka, mvua inanyesha, umeme unakatika, hakuna pa kwenda. Kama kuna wakati wa kusoma kitabu Pwani, ni huo. Na huo ndio wakati duka la vitabu linatia kufuli.

Niliingia. Kijana wa dukani ananifahamu, akanisalimu vizuri. Nikamuuliza vitabu vya Kiswahili viko wapi. "Aunti, Kiswahili ni kule nyuma, vya shule." Kule nyuma ni baada ya kadi za posta, baada ya vikapu vya ukindu, baada ya seti za hisabati na madaftari ya mistari. Nilivikuta: miongozo ya vitabu teule, karatasi za mitihani iliyopita, kamusi mbili, na vitabu vya insha vyenye picha ya mtoto anayetabasamu kwa nguvu. Hapakuwa na riwaya hata moja ya kusomwa na mtu mzima aliyekwisha maliza mitihani yake na sasa anataka hadithi tu.

Duka silitaji. Mwenyewe ni jirani, mkewe tumeshafuturu pamoja, na hili si lake peke yake. Ingia duka lolote la vitabu kuanzia Kilifi mpaka Malindi utaelekezwa kule kule nyuma. Ila yeye ndiye aliyeandika karatasi, basi leo zamu ni yake.

Kinachoniuma ni hiki. Nchi hii imekubaliana kimyakimya kwamba Kiswahili ni somo. Unakisoma ili ukifaulu, na ukishafaulu unakiacha kilipo. Mtoto hukutana na riwaya ya Kiswahili kwa mara ya kwanza akiwa na kalamu nyekundu mkononi, anapigia mstari tashbihi, anakariri sifa za mhusika mkuu, anatabiri maswali. Wengine hata riwaya yenyewe hawaifungui. Wananunua mwongozo, unaowaambia nani alikufa na maudhui ni yapi. Mtihani wa kidato cha nne ukiisha, kitabu kinapelekwa kwa muuza mitumba wiki hiyo hiyo, na mwenye nacho anaapa hatasoma kingine. Ken Walibora aliandika *Kidagaa Kimemwozea* kwa ufundi mkubwa, kikatahiniwa miaka mingi, na leo ukikitaja mbele ya kijana wa miaka ishirini na mitano anashika kichwa. Anakumbuka swali la alama ishirini. Utamu wa lugha hakuambiwa autafute.

Wachapishaji nao wanafuata njia hiyo hiyo. Kitabu kikiteuliwa kufundishwa, kinauzwa kila kaunti. Kisipoteuliwa, hata kiwe kitamu vipi, nakala zake zinazeekea ghalani. Ongeza sheria ya 2013 iliyoviingiza vitabu kwenye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, utajua kwa nini mwenye duka mdogo wa pwani hataki kubahatisha. Kisha ifike tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, uone kanzu, kofia za vito na hotuba ndefu za viongozi kuhusu lugha yetu adhimu. Ukimaliza kupiga makofi, nenda dukani kanunue riwaya. Ni kule nyuma, vya shule.

Najua nitakachojibiwa, nimekisikia: "Hawanunui." Nakubali, kwa shingo upande. Kodi ya chumba kilicho karibu na ufuo si mchezo, na mgeni anayeingia na kaptura yake Desemba hulipa bila kuuliza bei. Sisi tunauliza bei, tunaguna, tunasoma kurasa kumi tukiwa tumesimama, kisha tunasema tutapita kesho. Na ni sisi sisi tunaoandikiana "nitumie PDF" kwa kitabu cha bei ya nusu kuku. Sawa. Hilo limo.

Lakini kutonunua si kutosoma, na ushahidi ninao. Nilikuwa na nakala ya *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, toleo la 1999. Nikaisahau saluni nilikokwenda kusuka. Niliporudi kuiulizia nikaambiwa "iko kwa fulani". Fulani akasema ameshampa wifi yake. Ikazunguka mtaa mzima. Na kila nilipokaa pale kusukwa nilikuta ugomvi mpya: Yasmini alikosea kumwacha Bwana Raza au hakukosea? Huyu Denge ni mwanamume wa kutegemewa, au ni wale wa siasa tu, leo yuko kesho ametoroka? Na Mwajuma, ah, Mwajuma kila mtu alimpenda, hata wale wanaojifanya hawajui ulevi ni nini. Mama mmoja mzima, ambaye hajashika kitabu tangu darasa la nane, alinisimamisha sokoni kuniuliza kama ni kweli mambo hayo yalitokea Unguja. Kitabu kilirudi hakina jalada na kina mafuta ya nazi ukurasa kwa ukurasa. Sijawahi kuona kitabu kilichosomwa hivyo. Nani aliyewapendekezea wale akina mama? Hakuna. Kilisahauliwa tu kitini.

Basi kama kitabu kilichosahauliwa kinaweza kufanya hayo, karatasi ya mlangoni ingefanya nini? Naichukua kazi ya mwenye duka kwa mwezi mmoja, bila malipo.

Kwa wavuvi waliokaa pale wanakotia vyombo kalafati: *Kuli*, ya Adam Shafi huyo huyo, ya 1979. Ni makuli wa bandari ya Unguja, na nyuma ya hadithi kuna mgomo wa kweli wa 1948. Kitabu kifupi, hakichoshi, kinasomeka kwa sauti mbele ya watu. Niliwahi kumsikia kijana mmoja akiwasomea wenzake, na mzee mmoja akakatiza kila baada ya ukurasa kusema kwamba hao makuli angalau walimjua tajiri wao kwa sura, sisi bei ya samaki hatujui hata inapangwa na nani. Mkitaka mjadala wa jamii, huo hapo, na haukuhitaji mkeka wa yoga.

Kwa anayependa upelelezi wa nchi ya theluji: Bwana Msa. *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Mohammed Said Abdulla ilichapishwa 1960, na mpelelezi wake na kiko chake yuko Unguja, anatembea kwenye joto kama sisi, anafikiri polepole, anawaudhi wenzake. Maiti inakutwa kwenye mzimu, kila mtu anazungumzia mashetani, yeye anauliza nani anafaidika. Lugha yake peke yake inatosha kukulipia siku ya mvua.

*Siku Njema* ya Walibora, 1996, kwa kila aliyelazimishwa kuisoma shuleni. Isomeni tena bila kalamu. Kongowea Mswahili anatoka Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu, anakwenda kumtafuta baba asiyemjua mpaka Kitale. Mkishakuwa wazazi, safari hiyo inasomeka vingine kabisa.

Ushairi? *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla. Kijana wa Mombasa aliyefungwa 1969 kwa kuandika waraka wa kuiuliza serikali Kenya twendapi, akatoka 1972, na mle ndani Kamiti alikuwa akiandika mashairi kwenye karatasi za msalani. Nimeona dukani kumejaa vitabu vya kututia moyo vilivyoandikwa na watu ambao shida yao kubwa ilikuwa kukosa muda wa mazoezi. Na Mwana Kupona, utendi wa 1858, mama wa Pate akimuusia bintiye. Mabinti wa leo watabishana naye karibu kila ubeti, na wabishane.

Sasa *Peponi*. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nina hasira nayo. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar 1948. Aliandika *Paradise* 1994, habari za Yusuf, mtoto anayepelekwa kwa tajiri Aziz kufidia deni la babake, akaona misafara ya kwenda bara, akaona Wadachi, yaani Wajerumani, wakija. Hii ni pwani yetu, biashara yetu, madeni yetu. Alipopewa tuzo ya Nobel 2021 tukashangilia kama mabao tumefunga wenyewe. Tafsiri ya Kiswahili, ndiyo hiyo *Peponi*, ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022 kwa Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Miaka 28! Wasomaji wa lugha nyingine walikwisha mjua Yusuf zamani, sisi tunaoishi alikoishi tukangoja mpaka Stockholm ipige simu. Haya, imetoka. Dukani kwetu, kile cha Kiingereza kiko dirishani, kimesimamishwa kwenye kistendi cha mbao. Cha Kiswahili hakipo. Nikaambiwa kukileta kutoka Dar ni taabu. Kutoka London ni rahisi, kutoka Dar ni taabu. Basi la kwenda Tanga linapita Lunga Lunga kila siku limebeba vitenge, viatu na wagonjwa wa kwenda kwa waganga, lakini katoni moja ya vitabu, taabu.

Kuhusu habari za mji, sina ugomvi na kasa. Wala na paka, natumai ameonekana. Lakini mtu akiisoma karatasi ile miaka hamsini ijayo ataamini hapa hapakuwa na maulidi, hapakuwa na mazishi, wala watoto wa shule waliokuwa wakishindana kusema mashairi ya kujitungia. Lamu wana maktaba ndani ya ngome ambayo zamani ilikuwa jela. Sisi hatuna ngome, tuna ukumbi wa duka ambao Mei na Juni uko bure na mabenchi yake. Watu wakae, mmoja asome, chai ya maziwa na mahamri atapika atakayejitolea. Hakuna anayesema vitabu vitolewe sadaka. Weka kimoja cha kuazimwa na vinne vya kuuzwa, uone.

Nimemwambia mwenye duka haya yote, kwa sauti ya chini kuliko hii. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Akasema kufunga Mei ameshaamua kwa mwaka huu, atapaka rangi, lakini Juni atafikiria, nimwandikie majina ya vitabu ataagiza nakala mbili mbili za kujaribu. Nimemwandikia. Nimemwambia *Vuta N'kuvute* aagize tano, na asiviweke kule nyuma. Sasa mnaosoma hapa na mnakaa Watamu, Gede, Timboni, mpaka Mida: vikifika nitawaambia, na yeyote atakayeniandikia "nitumie PDF" nitalitaja jina lake saluni.